Siku Tulipofungua Kila Fundo

Jinja

Dada yangu Riziki,

Kabla ya salamu nakuomba ufunge mlango. Barua hii isome peke yako, kimya kimya, hata midomo usiichezeshe, na ukimaliza iingize mafigani chini ya sufuria uiangalie mpaka iwe majivu. Shemeji usimwonyeshe. Ninamheshimu, lakini yeye hushinda sokoni na watu wengi na anapenda kusimulia. Mama naye usimsomee. Mweleze habari za kuzaa tu, zote, kama nilivyoziandika, maana najua atakuuliza mpaka rangi ya kanga aliyopokelewa nayo mtoto. Mengine yote yakae kifuani mwako. Mtu wa tatu akiyajua, hutaniona tena, na sisemi hivi ili kukutisha.

Nimempa barua hii yule dereva wa lori, mume wa jirani yako, naye ameahidi kuivaa ndani ya soksi mpaka avuke mpaka. Posta siiamini. Huku bahasha zinatufikia zimefunguliwa na kubandikwa tena kwa uji.

Sasa nakusalimu, dada. Assalam aleikum. Mguu wa Mama umepungua uvimbe, au bado anaushindilia majani ya moto na kukataa kwenda kwa daktari? Watoto wako wamepona surua? Mvua imefika Mumias? Huku imenyesha, mto umejaa, na watu wameacha kwenda kutembea ukingoni jioni. Sababu yake sitaiandika.

Mimi ni mzima wa mwili. Wifi yako Zaina amejifungua mtoto wa kike. Wote wawili wako hai, na mtoto ana masikio ya Baba, makubwa, yamesimama. Mwambie Mama hivyo kwanza, afurahi, halafu umsimulie mengine.

Lakini wewe lazima nikuanzie nyuma kidogo.

Unamkumbuka karani wetu mkuu wa ghala la nguo, yule mzee mnene aliyekuja harusini kwangu akacheka mpaka miwani ikaangukia kwenye pilau? Nitamwita Mzee tu. Siku moja mchana wenzangu walikuwa wamekwenda kula, mimi nikabaki ghorofani nikikata vipande vya sampuli. Gari jeupe lisilo na namba likasimama nyuma ya ghala. Aliyeshuka ninamjua vizuri. Ni afande anayekuja kila mara kuchukua majora ya khaki, amekunywa chai mezani kwangu, anaipenda yenye tangawizi nyingi. Alimshika Mzee kiwiko taratibu, kama mtu anayemsaidia mgonjwa kushuka ngazi, akafungua buti la gari. Mzee alivua miwani mwenyewe, akaikunja, akaitia mfukoni, akaingia. Buti likafungwa.

Kesho yake tuliitwa mmoja mmoja kuulizwa, na aliyekuwa ameketi nyuma ya meza akiuliza ni afande huyohuyo. Nikasema sikuona kitu. Tukatangaziwa kwamba Mzee amekimbilia Kenya. Mke wake bado anakuja ofisini, anakaa kwenye benchi la nje, halafu anaondoka. Mimi ninapita mbele yake nikitazama viatu vyangu.

Hilo neno, kwamba sikuona, ndilo limeniweka hai. Nilimwambia mtu mmoja tu duniani, naye ni Zaina, kwa sababu nilikuwa siwezi kula na alidhani nimepata mwanamke mwingine. Wakati huo alikuwa na mimba kubwa.

Nilikuwa nimepanga azae kisasa. Unajua nilivyo. Nilimwandikisha kwenye kliniki ndogo hapa Jinja, akapimwa damu, nikamnunulia vitamini. Daktari alikuwa Mhindi, akaondoka na wenzake walipofukuzwa. Muuguzi wake aliendelea peke yake kwa muda, halafu asubuhi moja tukakuta mlango umefungwa na hakuna jirani aliyetaka kusema amekwenda wapi. Zaina akaniambia, "Nipeleke Mbale kwa shangazi. Huko angalau nitalia kwa lugha yangu." Basi nikaomba ruhusa kazini, nikampeleka.

Shangazi yake amepanga chumba Namakwekwe, mtaa wa hapo Mbale. Ni mjane, hununua nyanya Nakaloke na kuziuza mjini, na ndiye aliyemlea Zaina baada ya mama yake kufa. Chupa ya uzazi ilipopasuka ilikuwa asubuhi, nikakimbia hospitali kuuliza kama nimlete. Nilikuta wanawake wamelala sakafuni kwenye ukumbi. Muuguzi aliyekuwa zamu alinivuta pembeni. Alikuwa mpole, macho yamemwiva kwa kukosa usingizi.

"Umekuja na glovu?" akaniuliza.

"Sina."

"Uzi? Pamba? Mafuta ya taa?"

"Sina, sista. Nilidhani hivyo viko hapa."

"Hata maji hatuna tangu juzi. Kama nyumbani kuna mama mtu mzima anayejua, kaka, mwache huko. Akizidiwa umlete, nitampa nafasi yangu ya kukaa."

Niliporudi kumweleza shangazi alikuwa amekwisha tandika mkeka. Hakushangaa. "Mkwe, mimi nilizaa sita," akasema, "hakuna hata mmoja aliyeona ukuta mweupe. Kaa nje, chemsha maji. Nimemtuma mtu kwa Haboba."

Haboba ndivyo Wanubi wanavyoita bibi, na huyu mtaa mzima humwita hivyo, Wagisu kwa Wakenya. Ni mkunga, mwembamba kama ufito, mikono mirefu. Niliposikia ni Mnubi niliingiwa na hofu. Si kwamba wana ubaya, dada. Ni majirani kama majirani wengine, tunasali nao safu moja. Lakini karibu kila nyumba yao ina kijana jeshini, na mimi nilikuwa na neno ndani ya nyumba ile.

Sasa haya ndiyo ya Mama.

Haboba alinawa mikono mpaka viwikoni kwa maji ya moto na sabuni ya mche. Akampaka Zaina samli tumboni na kumsugua kutoka juu kwenda chini, polepole, akimtafuta mtoto kwa vidole. Akasugua kijiti cha udongo na mizizi, wanakiita mumbwa, juu ya jiwe lenye maji, akamnywesha yale maji mekundu. Kamba ya katani ilitupwa juu ya boriti, ya kushika uchungu ukija. Nilikuwa nimenunua wembe mpya, nikampa mlangoni nikimsihi auchemshe.

"Utachemshwa, bwana karani," akasema. "Zamani sisi tunakata kwa ganda la mwanzi. Mwanzi mzuri, wembe mzuri, yote inakata. Wewe leta sufuria."

Jirani mmoja aliingia kusaidia, Mama Nekesa, Mluya wa kwetu Kenya anayeuza mitumba, mwanamke mkubwa mwenye sauti. Akakaa nyuma ya Zaina amemshika kwa magoti kama kiti. Mimi nikabaki uani, nikitia kuni. Nilimkumbuka yule mdogo wetu aliyezaliwa baada yangu, ambaye Mama hamtaji. Wewe ulikuwepo, ulimwona. Mimi nilikuwa mdogo, nakumbuka tu wanawake wakitoka ndani mmoja mmoja bila kusema kitu. Kila nilipoongeza kuni nilikuwa nasikiliza kama sauti zimenyamaza namna ile.

Jua lilipopanda ule uchungu ukalegea. Ulikuwa unakuja karibu karibu, ukaanza kuja mbali mbali, halafu ukawa kama umesahau. Zaina alikuwa amechoka hata kilio kimekwisha. Nilisema tumpeleke hospitali, nitatafuta mkokoteni. Shangazi akamtazama Haboba, na Haboba akasema, "Bado. Kuna kitu kimefungwa hapa."

Dada, nadhani hata kwetu bibi zetu walifanya hivi. Wakaanza kufungua. Walimfumua Zaina nywele zilizosukwa, msuko mmoja mmoja. Wakamvua shanga za kiunoni. Sanduku langu likafunguliwa na kifuniko kikaachwa wazi, debe la unga vilevile, kufuli la mlango likatolewa, gunia la mkaa likakatwa kamba. Mlango ukafunguliwa wote. Dirisha la mbao, ambalo shangazi hulifunga siku zote kwa sababu ya wapita njia, likasukumwa mpaka likagonga ukuta.

Halafu Haboba akatoa kichwa dirishani. "Wewe baba ya mtoto. Kamba ya viatu, fungua. Vifungo vya shati. Mkanda."

"Mkanda pia, Haboba?"

"Wewe ulifungua ile siku ya kwanza, leo unaona haya?"

Wanawake wote ndani wakacheka, hata Zaina nilimsikia. Nikafungua. Nikasimama uani mchana mweupe, shati wazi, viatu vimeachama, mkono mmoja umeshika suruali.

Hapo ndipo askari alipoingia uani.

Alikuwa na magwanda kamili na bastola kiunoni. Nilisahau kila neno la Kiswahili. Alinitazama kutoka juu mpaka chini, akaniuliza, "Wewe, hii ni namna gani?" Kabla sijajibu Haboba akamwita kwa dirisha. Ni mjukuu wake, yuko kambi ya hapo Mbale. Alikuwa amemletea sukari.

"Simama hapo hapo," Haboba akamwambia. "Mtu anazaa. Fungua viatu."

"Haboba, mimi nataka kuweka sukari tu, naenda."

"Umeshaingia na mafundo yako, sasa unataka kwenda? Fungua. Mkanda pia."

"Na hii?" akauliza, akigusa bastola.

"Hiyo imefungwa na nini?"

"Na mkanda."

"Na mimi nimesema nini?"

Akafungua. Bastola na mkanda wake akaviweka juu ya karai la nyanya za shangazi, akalegeza kamba za buti, akakaa kwenye kizingiti cha jiko kando yangu. Mama Nekesa akatuchungulia. "Shikeni suruali zenu vizuri, nyinyi wawili," akasema. "Mmoja akiachia, kazi ya Haboba itaongezeka." Yule askari akacheka, meno mazuri, kijana tu, labda mdogo kwangu. Akanipa sigara. Mimi sivuti lakini niliipokea.

Ya Mama yaishie hapo, umrukishe mpaka nitakapokwambia.

Mafundo yote yalikuwa yamefunguliwa na mtoto bado. Haboba akaanza kumwuliza Zaina. Ni desturi yao, na nimeambiwa ni ya makabila mengi ya huku: mwanamke akikwama, huwa ana neno amelifungia ndani, na mtoto hawezi kulipita. Huulizwa mpaka aseme, mbele ya waliopo. Na dirisha lilikuwa wazi. Nilisikia kila kitu, na aliyekaa kando yangu pia.

"Zaina, hii mtoto iko na njia. Ni wewe umefunga. Kuna mwanaume mwingine?"

"Hakuna, Haboba."

"Sema tu. Bwana yako hawezi kuingia kukupiga, suruali yake haina mkanda."

"Hakuna."

"Umeiba?"

"Sijaiba."

"Umekosana na wazazi yako?"

"Mama yangu alikufa. Baba sina neno naye."

"Basi ni nini? Mimi nashika tumbo yako, najua. Iko kitu hapa, na si mtoto."

Nilijua ni kitu gani. Nilitaka kupiga kelele asiseme. Lakini ningesema nini, dada? Ningemwambia "Nyamaza," askari angejua kwamba kuna jambo la kunyamaziwa. Ningekaa kimya, angelisema. Nilikaa kimya. Sigara iliniunguza kidole na sikuitupa.

Zaina akalia kwanza. Halafu akasema, si kwa kunong'ona, kwa sauti ya mtu anayesukuma mzigo. "Bwana yangu aliona. Walimwuliza akasema hakuona, lakini aliona. Alimwona aliyemtia Mzee kwenye buti la gari." Akataja jina la afande, jina lote, mara mbili.

Mama Nekesa, ambaye hajawahi kunyamaza tangu nimjue, alinyamaza. Yule kijana kando yangu aliinama akaishika kamba ya buti lake, akainyoosha, lakini hakuifunga. Sikuweza kuuona uso wake.

Kutoka ndani Haboba akasema, sauti ileile, kama mtu aliyeambiwa kuwa chumvi imekwisha, "Vizuri. Sasa piga magoti."

Hapa mrudie Mama. Walimwinua Zaina kutoka kwenye kulala wakampigisha magoti, kamba mikononi, Mama Nekesa nyuma, shangazi mbele amemshika mabega. Uchungu ukarudi kwa nguvu. Sijui kama ni lile neno lililomfungua, au yale magoti, au ulikuwa umefika wakati wake tu. Haboba anasema ni neno. Mimi nimesoma, lakini siwezi kumbishia kwa sababu mtoto alizaliwa muda mfupi baada ya hapo, na alitoka akiwa kimya. Haboba akamtia kidole kinywani akatoa ute, akampuliza usoni, akamsugua mgongo kwa kitambaa kikavu, akamnyunyizia maji baridi nyayoni. Nilihesabu pumzi zangu mwenyewe. Halafu akalia, kilio chembamba cha hasira. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka nyumba ya tatu wakajibu.

Kitovu kilifungwa kwa uzi uliochemshwa pamoja na wembe. Kondo la nyuma lilikawia, wakampa Zaina chupa tupu aipulize kwa nguvu, likatoka lote; Haboba alilikunjua mchana kweupe kuhakikisha hakuna kipande kilichobaki. Kanga ni ya kijani na nyeupe, mwambie Mama. Zaina alipewa uji wa wimbi wenye siagi, akakandwa kwa maji ya moto mpaka akapiga kelele kuliko alipokuwa akizaa.

Kuhusu kilichofuata Mama asijue.

Haboba alitoka na lile kondo limefungwa kwenye jani la mgomba. Akamwita mjukuu wake. "Chimba," akamwambia, "pale kwenye migomba. Refu."

Akavua shati la jeshi, akachukua jembe la shangazi, akachimba. Dada, sijui nikueleze vipi. Nilisimama nikimtazama askari akichimba shimo, na mtoto wangu analia nyuma yangu, na mimi siwezi kukaa wala kuondoka. Alichimba vizuri, kingo zimenyooka. Haboba akaliweka, likafukiwa, kijana akakanyaga udongo kwa buti ambalo bado lilikuwa wazi.

"Yote iliyotoka leo kwa ile nyumba," Haboba akasema, "damu, maji, maneno, imekwenda chini na hii. Hakuna mtu anafukua. Mmesikia?"

Alisema mmesikia, lakini alikuwa anamtazama mjukuu wake tu.

"Nimesikia, Haboba," kijana akasema.

Akafunga viatu, akavaa mkanda, akafuta ile bastola maji ya nyanya. Aliponipita akasimama. "Karani," akasema taratibu, "mwanamke akizaa anasema vitu vingi. Ni homa. Lakini huu mtaa uko na masikio mengi. Mtoto mdogo hapa si mahali yake." Akaenda. Tangu siku ile ninayageuza maneno hayo kila upande. Ukiyashika hivi ni ya rafiki. Ukiyageuza ni ya mtu anayekupa nafasi ya kukimbia ili apate sababu ya kukufuata.

Mama Nekesa naye ameapa kwamba hakusikia kitu, masikio yake yalijaa kelele. Amemwapia shangazi mara nyingi mno. Na jirani wa upande wa dirisha, sijui nani alikuwa nyumbani.

Nilirudi Jinja kwa sababu ruhusa iliisha, na kukosa kazini ni kama kukiri. Nilidhani labda lile neno kweli limezikwa. Lakini juzi afande alikuja kuchukua khaki. Akakaa mezani kwangu, akaomba chai yake. Nilimimina nikimwaga kwenye kisosi.

"Karani, nasikia umepata mtoto."

"Ndiyo, afande. Wa kike."

"Hongera. Alizaliwa hapa?"

"Mbale, afande. Kwa watu wa mke wangu."

"Hospitali?"

"Nyumbani."

"Nyumbani ni vizuri," akasema. "Mama yangu alinizaa njiani, akirudi kuchota maji. Mke wako alipata taabu?"

"Kidogo, afande."

"Alilia sana?"

Nikasema hapana, alikuwa kimya. Akanywa chai yote, akaniachia kilo mbili za sukari kwa ajili ya uji wa mzazi. Sukari, wakati huu ambapo mtu anapanga foleni siku nzima arudi mikono mitupu. Sijui ni nani aliyemwambia nimepata mtoto. Labda wenzangu ofisini, wao nilikuwa nimewaeleza. Huenda aliuliza kama mtu yeyote anavyouliza. Nimejirudia hivyo mpaka maneno yamekosa maana.

Ndiyo sababu ninakuandikia. Lazima Zaina na mtoto watoke, na lazima watoke kabla yangu. Nikitoweka mimi kwanza, wataanza kwa mke. Lakini shangazi na Haboba hawataki kusikia. Mzazi hatoki nje mpaka arobaini itimie. Kabla sijaondoka Mbale nilimsihi Haboba, nikamwambia hatari anaijua mwenyewe, akanijibu, "Ile mwanamke bado iko wazi kama nyumba bila mlango. Upepo ya njiani itamuua kabla ya askari. Na wewe mwanaume huna neno ndani ya arobaini." Shangazi akamuunga mkono. Wananipenda, dada, na upendo huo huo unatushikilia pale.

Wewe ni mwanamke, una watoto, na ni dada wa mume. Neno lako watalisikia. Njoo kama mtu anayekuja kulea mzazi. Ni jambo la kawaida kabisa, hakuna kizuizi cha barabarani ambapo watakushangaa. Beba unga wa wimbi, samli, nepi na kanga mbili za zamani, vionekane juu ya kapu. Wakikuuliza unakwenda wapi, sema kweli: wifi yangu amezaa. Ukifika mwambie shangazi kwamba kwetu Mumias mtoto wa kwanza hulelewa arobaini yake kwa mama wa mume, na kwamba Mama ni mgonjwa wa mguu, hawezi kuja. Si uongo mkubwa. Mwambie Haboba aje amfunge tumbo Zaina yeye mwenyewe kwa ajili ya safari. Akipewa kazi hatakataa. Wakati wa kurudi mtoto mbebe wewe mgongoni, Zaina akufuate akiwa amejitanda, na akiulizwa chochote ujibu wewe. Usimruhusu ajibu. Tangu siku ile anajiona ameniua, anazungumza ovyo akilia.

Nisalimie Mama, mwambie ninavaa sweta. Nisalimie mjomba wa duka la baiskeli, na shangazi yetu mkubwa anayefundisha watoto Kurani chuoni, aniombee dua bila kuuliza sababu. Nisalimie shemeji na watoto. Babu mwambie kitukuu wake amepewa jina la marehemu bibi, atajua.

Na hivi ndivyo utakavyonipata. Ofisini usiandike wala usipige simu. Mkishavuka, mpe dereva ujumbe wa mdomo tu, asiulize zaidi. Yeye huegesha lori karibu na stesheni ya reli ya Jinja, nami nitakuwa nikipita pale kila jioni baada ya kazi, nikinunua karanga, kama mtu asiyemsubiri mtu. Akiniambia mmefika, nitakuja. Kama dereva amepita mara mbili bila kuniona, usimtume tena na usije kunitafuta. Mlee tu huyo mwenye masikio ya Baba.

Namakwekwe ukifika usiulize nyumba ya karani, na jina langu usilitaje hata kwa mtoto. Siku hizi ukiuliza alipo mwanamume, watu wanatazama chini na kukuacha umesimama. Uliza, "Yuko wapi mzazi? Nimekuja kumlea." Swali hilo bado halimwogopeshi mtu. Watakushika mkono wakufikishe mlangoni.

Mdogo wako, mwandiko wangu unaujua.